Mitungi ya Pachani

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye mtoto amlaze kabisa, maana hii ninayoianza sipendi kukatizwa. Mtacheka, najua. Watu wote hucheka mpaka wafike katikati, halafu wananikazia macho kana kwamba ni mimi niliyefanya. Mimi sikufanya kitu. Nawapeni tu habari za Sikudhani, mke wa Msellem seremala, aliyekwenda nchi ya Pachani na mtungi kwapani, na yaliyompata huko alinisimulia mwenyewe kwa kinywa chake.

Njia aliyopita haituhusu. Alikwenda, akafika, miguu imemvimba, basi.

Kilichompeleka ni mtoto. Sikudhani na Msellem walijaliwa mmoja tu, msichana, wakamwita Mashavu kwa sababu alizaliwa nayo hasa. Mwaka mmoja alipita kwao mchuuzi wa Kipachani akiuza mitungi midogo yenye shingo nyembamba. Alisema kwamba ukinena ndani ya mtungi wake maneno hukaa humo, na ukitega sikio unayasikia tena kama ulivyoyanena. Watu walimwona tapeli. Msellem akanunua mmoja kwa mzaha, akampa mwanawe achezee, na Mashavu akashinda nao uani alasiri nzima akizungumza mambo yake ya kitoto, mara anaimba, mara anagombana na kuku, mara anamwita mama yake aje aone. Mvua za mwaka ule hazijakatika, homa ikamchukua. Hawakupata hata nafasi ya kumuuguza vizuri.

Baada ya hapo mtungi ndio uliokuwa mtoto. Walikuwa wakiusikiliza kila siku, mke kwanza, mume baadaye, kamwe si pamoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namna yake ya kulia na hakutaka mwenzake aione. Halafu ukaingia ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini sauti ikaanza kufifia, siku hata siku, kama mtoto anayesema huku anakwenda zake. Msellem alisema waache hivyo hivyo, waisikilize mpaka iishe, iishe ikiwa mikononi mwao. Sikudhani hilo hakuliweza. Alikuwa amesikia kwamba kule Pachani mitungi ilikotoka hakipotei kitu, basi akauviringisha ule mtungi katika kanga, akamwambia mumewe kwamba atarudi na sauti ya mtoto ikiwa nzima. Msellem hakumzuia, ila hakutoka nje kumuaga.

Sasa Pachani yenyewe. Wapachani ni watu wapole, wasafi, wanaosalimiana kwa kirefu, na jambo la kwanza la ajabu kwao ni kwamba hawaandiki. Kila wanachokijua wamekisema mtungini. Hukumu za mahakama ziko mtungini, mipaka ya mashamba iko mtungini, wasia, dawa za tumbo, nyimbo za harusi, hata namna ya kupika mikate ya sikukuu, yote imo mitungini, na mitungi yote imo katika Jumba Kuu, ghorofa juu ya ghorofa. Mtu yeyote anaweza kuingia, akaomba mtungi anaoutaka, akategea sikio, akarudisha, akaenda zake. Sikudhani aliona foleni ikizunguka jengo. Alimwona bibi harusi aliyekuja kusikiliza tena alichoahidiwa, na majirani wawili waliokuja kusikiliza mpaka wao uko wapi. Alimwona pia mzee aliyekuja kila asubuhi kusikiliza mzaha alioutoa ujanani, akaucheka upya, akaenda zake kunywa kahawa.

Kila mtungi huvishwa shingoni uzi wa shanga. Rangi za shanga na jinsi zinavyofuatana ndizo zinazokwambia mtungi ni wa nani, una nini ndani, na unahusiana na mitungi gani mingine. Pasipo shanga, Jumba zima ni msitu wa vyungu. Kwa hiyo wana idara mbili. Idara ya Mitungi iko chini ya Bwana Mahadhi, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Idara ya Shanga iko chini ya Bi Mwatime, mwembamba kama ufito, ambaye alikuwa hasemi na Bwana Mahadhi kwa sababu ya kiti fulani kilichohamishwa ofisi. Walikuwa wakipelekeana habari kwa tarishi ingawa milango yao ilitazamana.

Lakini kubwa kuliko yote, lile wanalojivunia mpaka wanakuchosha, ni Upacha. Huko chini ya Jumba limechimbwa ghala la mawe, na humo kila mtungi wa juu una pacha wake. Kila siku Wanakili hupita ghorofa kwa ghorofa wakichukua mitungi iliyoongezwa neno, wakaiteremsha, wakaibusisha midomo na pacha zake ili sauti ihamie, wakangoja kidogo kama muda wa kutafuna kipande cha muwa, halafu wakawaziba pacha kwa nta na kugonga muhuri. Jua likizama mpiga mbiu hupanda darini na kutangaza kwamba pacha wa leo wamekamilika, watu walale. Nao hulala. Sikudhani anasema hajawahi kuona watu wanaolala usingizi mzito vile.

Alipanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Saumu, mama mcheshi ambaye mumewe alimwachia nyumba ile kwa wasia alioutia mtungini. Mashemeji walikuwa wakiimezea mate nyumba ile miaka na miaka. Bi Saumu aliwacheka. Alimweleza mgeni wake kwamba wasia uko Jumbani, na ukiharibika wa Jumbani upo pacha wake ghalani, sasa hao mashemeji watafanya nini, watakula udongo? Alisema hivi huku akimmiminia mgeni uji, na Sikudhani akaanza kumwonea wivu kwa jinsi roho yake ilivyotulia.

Siku ya kuandikishwa, kama naweza kutumia neno hilo kwa watu wasioandika, Bwana Mahadhi alimpokea mwenyewe. Aliutazama ufa kwa huruma ya kweli. Akaeleza kwamba sauti itahamishiwa mtungi mpya wa Jumba, uliochomwa tanuuni mpaka ukalia kama chuma. Mtungi huo utulie hapo Jumbani mpaka mwezi uandame, kisha yeye Sikudhani ataruhusiwa kusafiri nao. Pacha atabaki ghalani milele, asipate hasara hata akivunja wa kwake njiani. Ila sheria ilikuwa moja. Mtungi wa zamani, ukishahamishwa, sharti uvunjwe, maana Pachani haikubali sauti moja iwe na vyombo ambavyo Idara haina habari navyo.

Sikudhani akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa. Kabla huu wa zamani haujavunjwa, je, angeweza kumsikiliza huyo pacha, ahakikishe?

Anasema karani mmoja aliinamisha uso kwa aibu kama aliyesikia tusi mbele ya wakwe. Pacha hafunguliwi. Kumfungua pacha ilhali mtungi wa juu ni mzima ni kosa linaloitwa Kushuku, na adhabu yake ni mtu kunyimwa salamu mwaka mzima. Bwana Mahadhi hakukasirika. Alisema mgeni hana hatia kwa asilolijua, lakini kwa kuwa Sikudhani alikuwa ameukumbatia mtungi wake na hataki kuutoa, shauri itabidi lipelekwe Barazani.

Basi likapelekwa. Kikao kilijaa pomoni, wake kwa waume, na Sikudhani akapewa mkeka mbele. Mjumbe wa kwanza, mwenye kilemba kikubwa, alisema hivi: natuseme tumemfungua pacha mmoja tukamkuta mzima, si tutakuwa tumeharibu nta na muhuri kwa jambo tulilolijua? Na tuseme tumemkuta si mzima, je, nani katika nchi hii atalala tena? Kwa hiyo ukimkuta mzima ni hasara, na ukimkuta mbovu ni hasara kubwa zaidi, na mtu mwenye akili hatafuti hasara. Watu walimpigia makofi mpaka kilemba kikamlegea. Mwingine akasema Wanakili ni watoto wa watu, wana heshima zao, na kumfungua pacha ni kumwambia mtoto wa mtu usoni kwamba hukuifanya kazi. Wa tatu, mwenye maneno mengi, alipendekeza pacha wapimwe bila kufunguliwa. Hilo lilipendwa kuliko yote. Ikaundwa kamati papo hapo, ikashuka ghalani, ikapita ikigonga pacha mmoja mmoja kwa kidole na kusikiliza mlio wake, ikarudi na kutoa taarifa kwamba pacha wote wamelia vizuri.

Sikudhani alitaka kucheka, akaziona nyuso za watu, akameza. Alipotoka nje Bwana Mahadhi alimfuata mpaka kivulini, akasimama naye kama kaka mtu.

“Bibi Sikudhani,” akamwambia, “baba yangu yumo mle ghalani. Sauti yake nzima, tangu ujana wake. Ungenidhania mimi ningemweka baba yangu mahali nisipopaamini?”

Msimlaumu Sikudhani. Nimewaona wengi wakitikisa vichwa hapa, wakisema wao wasingekubali. Mngekubali. Asubuhi ile alikuwa amesikiliza mtungi wake, na sehemu ambayo mtoto anaimba ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki pumzi tu. Kila siku aliyobishana na Wapachani, Mashavu alikuwa akimpungua mikononi. Akautoa mtungi.

Na kazi ilifanywa, msije mkasema nawasingizia. Sauti ilihamishwa mbele ya macho yake, akapewa mtungi mpya ategee sikio, na mtoto akawa humo, karibu, anacheka, hata zile pumzi za kuvuta kamasi zikasikika. Ule ufa ulikuwa umeificha sauti tu, haukuwa umeimaliza. Sikudhani alipiga magoti akalia kwa furaha, na karani aliyeinamisha uso siku ile naye akajifuta macho. Kisha wakauvunja mtungi wa zamani kwa nyundo ndogo, kwa adabu. Bi Mwatime akatuma shanga zake kwa tarishi, zikavishwa. Mnakili wa zamu akachukua pacha, akabusisha midomo, akangoja, akasogeza uso wake karibu na mdomo wa pacha akasema neno, akaziba kwa nta.

Sikudhani alimwuliza karani ni neno gani. Karani akamweleza kwa fahari kuwa hilo lina historia yake. Zamani Wanakili wavivu walikuwa wakiripoti kazi waliyoimaliza na wasiyoimaliza. Ndipo mkuu mmoja wa siku hizo, mtu mkali, akaamuru kwamba pacha wote warudiwe upya, na kila Mnakili akimaliza atamke “Tayari” ndani ya pacha mwenyewe, ili pacha awe shahidi. Tangu hapo, alisema karani, hapajatokea uzembe. Sikudhani akaona ni jambo la busara, akalisahau.

Akabaki akingoja mwezi uandame. Siku zile, anasema, alikuwa na raha ambayo ilikuwa imemkimbia tangu msiba. Alikuwa akienda Jumbani asubuhi, anamsikiliza mwanawe, anarudi kumsaidia Bi Saumu kupepeta mchele, na mbiu ya jioni ikilia naye analala kama wao. Jambo moja tu lilimkera. Ukikaa kimya Jumbani ulisikia kitu kinatafuna ndani ya boriti, kiri-kiri-kiri, bila kupumzika. Alipouliza aliambiwa ni mchwa, wanajulikana, kuna kamati.

Jumba liliporomoka adhuhuri moja watu wakiwa majumbani kwao wanakula. Ghorofa ya juu iliiangukia ya chini yake, nayo ikaiangukia iliyofuata, na mlio wa mitungi kuvunjika, anasema, ulikuwa kama nchi nzima inaita kwa pamoja halafu inanyamaza. Hakufa mtu. Mlinzi alivunjika mguu. Katika mitungi yote ya juu haukubaki hata mmoja wenye shingo.

Sikudhani alifika akikimbia, kanga imemdondoka njiani, akaanza kufukua vigae kwa mikono mpaka vidole vikatoka damu. Na hapo ndipo aliposhangaa, maana watu waliomzunguka walikuwa hawalii. Walikuwa wakitazamana kwa furaha ya chini chini, kama watu waliongoja mvua. Ghala la mawe halikuguswa. Bwana Mahadhi alipanda juu ya kifusi, vumbi limemjaa kichwani, akasema ndugu zangu, mababu zetu waliifikiria siku hii, na sasa mtaona faida yake. Ngoma zikaletwa. Bi Saumu akamshika Sikudhani mkono, akavifunga vidole vyake kwa kitambaa, akamwambia asilie bure kama mgeni.

Siku ya Kurejeza ilifanywa uwanjani, watu wamevaa nguo za sikukuu. Bi Mwatime siku hiyo alikuwa ndiye malkia. Idara yake ilikuwa imehifadhi mfano wa kila uzi wa shanga nyumbani kwa kila mfanyakazi wake, na haukukosekana hata mmoja, kwa hiyo kila pacha aliyetolewa ghalani alivishwa shanga zake sawasawa na kupewa mwenyewe bila kosa. Hata Bwana Mahadhi aliinama kumsalimu, ikawa mara ya kwanza tangu kile kiti. Watu walipanga foleni. Nta ikawa inavunjwa mezani, mtu anapewa pacha wake, anasogea pembeni kidogo, anatega sikio.

Sikudhani alikuwa nyuma sana, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya aliwatazama waliotangulia. Aliona jambo ambalo hakulielewa. Mtu alitega sikio, akautoa mtungi sikioni, akautazama, akautikisa kidogo, akautega tena. Kisha akafunika mdomo wa mtungi kwa kiganja akaondoka haraka bila kumtazama mtu. Aliyefuata naye hivyo hivyo. Yule mzee wa mzaha alisikiliza akingoja kucheka, akangoja, uso ukabaki umekaa tu. Bi Saumu alitegea, akageuka, macho yakakutana na ya Sikudhani, akatabasamu tabasamu baya na kupita. Baadaye ilijulikana kwamba kila mmoja alidhani ni wake tu ulioharibika, akaona aibu kuiharibia nchi siku yake.

Ikafika zamu yake. Bi Mwatime mwenyewe alisoma shanga kwa sauti: Mashavu binti Msellem, wa ugenini, mazungumzo ya mtoto. Nta ikavunjwa. Sikudhani aliupeleka mtungi sikioni kwa mikono miwili.

“Tayari,” ilisema sauti ya mwanamume aliyechoka.

Akangoja. Alidhani huo ni mwanzo, mtoto atafuata. Akageuza sikio la pili. Mwanamume yule akasema tena neno lake, kwa uchovu uleule, akanyamaza. Sikudhani anasema aliendelea kusikiliza mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna, na hata walipokuja kumwondoa taratibu kwa mabega hakuushusha mtungi. Alikuwa akifikiri pengine Mashavu yuko nyuma ya yule mwanamume, na mwanamume akimaliza kusema atampisha.

Habari ilitambaa mpaka ikawa kelele. Kila pacha, tangu wa kwanza katika nchi hiyo, alikuwa na neno hilo moja. Sababu yenyewe ilipopatikana ilikuwa ndogo mno, mtu unaona haya kuitaja. Mitungi ya Jumba ilichomwa tanuuni siku na siku, na udongo uliochomwa hushika kila unachousemesha. Pacha hawakuchomwa, kwa kuwa kuni ni ghali na hakuna mtu anayewatumia, walianikwa juani tu. Udongo mbichi nao hushika, tena hushika vizuri, lakini kila neno jipya hufuta lililotangulia. Kwa hiyo sauti zote zilihamia kama inavyotakiwa, zikakaa humo kwa muda wa kutafuna kipande cha muwa, halafu Mnakili akasogeza uso wake. Wafinyanzi wangeweza kuwaambia hayo, ila wafinyanzi hawakuwahi kuambiwa vile vyungu vibichi ni vya nini. Na mwenye kufungua mmoja tu, siku yoyote ya mamia ya miaka ile, angelijua.

Sikudhani alimkuta Bwana Mahadhi amekaa ngazini mwa ghala, mtungi mapajani. Alikuwa amekusudia kumrukia. Anasema kwa kweli alikuwa ameokota jiwe.

“Mwanangu yuko wapi?” alimwuliza. “Ulimchukua mwanangu mkononi mwangu. Nirudishie.”

“Utaratibu ulifuatwa wote, Bibi,” alisema Bwana Mahadhi. Akautazama mtungi wake. “Hata baba ananiambia hivyo hivyo.”

Jiwe likamponyoka lenyewe. Akakaa ngazi moja chini yake, wakalia, na hakuna aliyemfariji mwenzake.

Baraza lilikaa tena, bila shaka. Bi Mwatime alitoa taarifa kwamba Idara yake haikupoteza kitu, na ilikuwa kweli, kila mtungi ulijulikana ni wa nani. Yule wa kilemba akasema Wanakili nao hawana kosa, maana waliamriwa watie neno na neno limekutwa. Ikaamuliwa kwamba pacha walikuwa sahihi kwa kila walichokuwa nacho. Kisha ikatungwa sheria mpya, kuanzia hapo neno litamkwe nje ya pacha, kiganjani. Mama mmoja aliyekaa mlangoni aliuliza kama mwaka huu basi wangefungua mmoja, waone kama sheria mpya inafaa. Karani akainamisha uso. Mwenyekiti akasema hilo litazungumzwa wakati wake, wakaendelea na suala la boriti.

Huko nje nchi ilikuwa inachanika. Pasipo sauti ya hakimu, shamba likawa la mwenye mdomo mpana. Watu waliooana miaka mingi waligombana walichoahidiana. Mashemeji wa Bi Saumu walikuja mchana kweupe na vitanda vyao vichwani, wakavipanga sebuleni, na yeye akabaki amesimama uani ameshika mtungi wenye shanga za wasia, shanga halali kabisa, anawaonyesha. Hakuna aliyemsukuma. Walimwomba tu awapishe njia. Sikudhani alimkuta jioni ile anafunga vikombe vyake katika kitambaa, na walipoagana Bi Saumu hakuwa na anwani ya kumpa.

Wakati wa kuondoka Idara ilimpa mgeni kifuta jasho, mtungi mpya uliochomwa sawasawa. Karani alimshauri asiufunge mtupu. Yeye ni mama, si anayajua maneno yote ya mwanawe? Basi ayaseme humo, atakuwa nayo. Sikudhani akaenda nao nyuma ya kifusi akajaribu. Maneno alikuwa nayo yote, mpangilio wote, mahali pa kucheka na mahali pa kununa. Alipotega sikio akasikia mwanamke mtu mzima anayemwigiza mtoto, kwa sauti ya pua, kama vichekesho vya jukwaani. Alijichukia. Aliuacha mtungi pale pale juu ya kifusi.

Alifika kwao mchana, Msellem anapiga randa uani. Mumewe aliinua macho, akaitazama mikono ya mkewe, mitupu. Alimpa maji, akamwosha miguu, akamwacha aseme. Sikudhani alisema yote, na kila alipofika mahali pa yeye kulaumiwa alitua kidogo ampe nafasi, lakini Msellem hakumlaumu popote, na hilo lilimuumiza kuliko kupigwa.

“Basi tutamsema wenyewe,” Msellem alisema mwishowe. “Mimi namkumbuka wote. Wewe ukisahau nitakukumbusha.”

Akakaa chini kwenye takataka za mbao, akasafisha koo, akaanza polepole, kwa sauti yake mwenyewe ya kiume, bila kuigiza. “Wewe tutu, wewe, ingia ndani, tutu mbaya.”

Sikudhani akamshika mkono. Akamwambia hapana, Mashavu hakusema tutu. Alikuwa amekwisha kujua kuitamka sauti ya ka kabla ya mvua, ndiyo maana siku ile alilirudia jina la yule kuku mara nyingi vile, kwa kujidai. Alisema kuku.

Msellem akasema alisema tutu. Amemsikiliza kila siku tangu wamzike, atakosaje kujua, tutu mpaka mwisho, na ndicho alichokuwa akikipenda. Sikudhani akasema na yeye amemsikiliza kila siku vilevile. Hawakugombana. Kila mmoja alilisema neno kwa upole, akalisema tena, akimsihi mwenzake akumbuke vizuri, na kila mmoja alikuwa na hakika yake. Mwisho wakabaki wakitazamana pale uani, mtu na mkewe, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kumwuliza.